Mwenyekiti wa Tabasamu

Bernadina hakuwahi kumpenda Selestina, wala hakuona haja ya kumficha Mungu jambo ambalo Mungu alishalijua.

Kila alfajiri Selestina, mwenyekiti wa jumuiya yao pale Karatu, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu: "Wapendwa, amkeni na tabasamu! Neno baya lisitoke kinywani!" Bernadina aliusikiliza akikamua ng'ombe, akasonya. Tabasamu gani la kurushwa kama vocha? Mtu anahubiri upendo hadi koo linamkauka, na jirani akibisha kuomba chumvi, geti halifunguki.

Siku hiyo jumuiya ilikwenda kumpongeza Nareyu, mama kijana wa Kimasai aliyepanga chumba uani kwa Bernadina. Alikuwa amejifungulia humo chumbani, siku chache tu zilizopita. Saruni, mumewe, alikuwa na mifugo huko Loliondo, simu haipatikani. Akina mama waliingia na sabuni, khanga na nderemo. Selestina akatangulia, simu juu, atafute picha nzuri.

Nareyu alijaribu kuketi, akashindwa.

"Nasikia baridi, yeyo," akamwambia Bernadina. Alimwita hivyo, mama, kwa lugha ya kwao.

"Hapana, hapana!" Selestina akadakia. "Usikiri ugonjwa, binti. Sema: mimi ni mzima. Na utabasamu kidogo."

"Mimi ni mzima," Nareyu akasema, meno yakigongana.

"Amina!" wakaitikia wote.

Wote isipokuwa Bernadina. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa upesi. Akafunua shuka, na harufu ya kuoza ikamjia.

"Mwenyekiti, gari lako liko nje?"

"Liko, ila nimetoka kuliosha. Kesho nina semina Arusha."

"Semina ya nini?"

Selestina akashusha simu. "Ya ukarimu wa Kikristo."

Bernadina akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Basi leo ndiyo mazoezi. Mshike miguu."

Njiani Selestina, akiendesha, alianzisha pambio. "Tazama barabara," Bernadina akamwambia, na pambio likafia hapo.

Hospitalini daktari alisema kipande cha kondo la nyuma kilibaki tumboni na kilikuwa kimeanza kuoza. Wangengoja hadi kesho, alisema, wangeleta maiti. Wakampeleka Nareyu chumba cha upasuaji.

Bernadina alikuwa amejiandalia maneno tangu nyumbani, makali kama siki. Alipogeuka kuyatoa, akamkuta Selestina kwenye benchi, kichanga kifuani, gauni lake jeupe limeingia damu. Alikuwa akilia bila sauti.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusema ni mzima."

"Wewe ndiye. Na tungemzika hivyo hivyo, akiwa mzima."

Selestina akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Tusali, Bernadina. Anza wewe. Mimi leo sina maneno."

Bernadina hakuwa mtu wa sala ndefu. Akafumba macho. "Bwana, mponye Nareyu, mtoto wake bado hajajua hata sura yake. Na huyu aliye hapa umfunge mdomo mpaka mgonjwa apone. Amina."

"Amina," Selestina akasema, na akaisema kwa moyo.

Nareyu alipona. Semina ya Arusha ilifanyika bila Selestina; siku hiyo alishinda wodini akifua nepi, na alifua vibaya, Bernadina akalazimika kuzirudia.

Saruni aliporudi alichinja kondoo ili mkewe apate mafuta ya kunywa baada ya uzazi, kama ilivyo desturi yao, akawaita majirani. Kufikia hapo Selestina alishaanza tena kurusha tabasamu lake la alfajiri, na Bernadina alishaanza tena kusonya. Hata hivyo Bernadina ndiye aliyeshika kisu cha kugawia nyama, na kipande cha ubavu kilichonona akamwekea mwenyekiti sahanini.

"Kwa ajili ya gari," akasema. "Usije ukadhani ni kwa ajili ya mahubiri."