Maua ya Zambarau Juu ya Geti

Mimi nashona nguo kwenye kibanda kinachotazamana na geti ya Oketch, hapa Mamboleo, kwa hiyo asije mtu kunisimulia habari za Sheryl mke wake. Nimemwona kwa macho yangu. Ana sauti ya kwaya na roho ya mchinjaji, na kama anasikia ninavyosema, basi asikie vizuri.

Nyumba za mtaa wetu zilijengwa na mtu mmoja. Mabati yale yale, ukuta ule ule, geti nyeusi zile zile. Kwa Oketch ndiko pekee kulikuwa na bogonvilia. Mama yake, Adero, alileta kijiti kutoka kwake kijijini Kisian alipofiwa na mumewe, akakichomeka kando ya ukuta, na mmea ule ukakua bila adabu. Ukapanda ukuta, ukavuka juu ya geti, ukaanza kuwang'ang'ania wapita njia kwa miiba. Kila mvua za masika zikiisha Mama Adero aliupogoa mwenyewe, glavu mkononi, akiusema kama mtoto mtundu.

Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoroka. Asubuhi alipenda kwenda sokoni kununua omena, vile vidagaa vya ziwani, na kupiga gumzo na wenzake, lakini akirudi geti zote zilikuwa moja kwake. Ndipo Oketch alipomsimamisha mbele ya kibanda changu, akamshika mkono.

"Mama, ukiona maua ya zambarau juu ya geti, hapo ndio kwako. Usiulize mtu. Ingia tu."

Mama akashika. Jina la mjukuu lilimponyoka, la marehemu mumewe pia, lakini hilo la maua halikumponyoka. Kila siku nilimwona akija na kijifuko chake cha omena, macho juu, halafu anacheka peke yake na kuingia.

Alilala chumba cha nje, nyuma ya nyumba, kwa sababu kwa Wajaluo mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Hapakuwa na mahali pengine pa kumlaza. Na chumba hicho hicho Sheryl alikuwa anakitaka kwa saluni. Alishapima hata pa kuweka kioo.

Oketch naye, ambaye ni mtu mzuri asiye na uti wa mgongo, alikuwa ametamka neno mbele ya mke wake: siku Mama akipotea, atarudishwa Kisian. Huko hakuna mtu siku hizi, ila mwanamke mmoja wa kulipwa. Mama alikaa naye Krismasi iliyopita, na huyo mwanamke alikuwa akimfungia kwa kufuli kutwa nzima ili aende zake. Mama alirudi kucha zimevunjika kwa kukwaruza mlango. Tangu hapo ukitaja Kisian mbele yake, analia.

Mvua zilipokwisha mwaka huu, nilimwona Sheryl amesimama na mama mkwe wake chini ya mmea, makasi ya bustani mkononi, mpole kama malaika.

"Mama, nifunze. Nikate wapi?"

Mama Adero alifurahi mpaka nikaona haya kwa niaba ya dunia. "Hii imeshatoa maua, kata hapa, acha macho mawili itachipuka. Hii changa usiguse, nyathina, mtoto wangu, ndio itakuwa na maua kesho."

"Na nikikata hapa chini kabisa?"

"Ah, hapo usikate. Haiwezi kufa, iko na nguvu. Lakini itakaa uchi miezi mingi, geti haitajulikana."

"Sawa, Mama. Nimeshika," Sheryl akasema.

Alishika kweli. Siku iliyofuata, Mama alipokata kona tu kwenda sokoni, Sheryl alitoka na panga. Hakupogoa, alichinja. Alikata karibu na ardhi, akavuta matawi kutoka juu ya geti mpaka rangi ikachubuka, akamwita mwenye mkokoteni ayabebe yote na maua yake. Niliacha cherehani nikavuka barabara.

"Sheryl! Mama atarudi vipi?"

"Mama Wechuli, si ni kupunguza tu? Na ni yeye mwenyewe alinifunza." Akapangusa panga kwenye nyasi.

Nilirudi kibandani nikakaa nikitazama barabara, nimeamua kumpokea mwenyewe. Sikushona kitu. Saa ya kurudi ikafika, ikapita. Mama hakutokea. Nikampigia Oketch simu, akaja kutoka kazini anahema, tukatafuta kuanzia sokoni.

Tulimkuta jalalani, nyuma ya soko, mkokoteni ulipomwaga mzigo. Alikuwa ameketi katikati ya taka, amezungukwa na matawi ya zambarau. Mengine alishayachomeka ardhini na kuyafunga pamoja kwa kitambaa chake cha kichwa. Mikono yake ilitoka damu kwa miiba. Alipotuona akatabasamu.

"Karibuni. Ngojeni kidogo, chi wuoda anakuja kufungua. Huyo mke wa mwanangu ni mtoto mzuri, amesema atanisaidia kukata."

Oketch alipiga magoti. "Mama, twende nyumbani."

"Niende wapi tena?" Mama alimtazama kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyepotea. "Si ni wewe uliniambia?"

Nilidhani moyo wa mwanamume ungepasuka hapo. Haukupasuka. Jumamosi alimpakia kwenye gari, akampeleka Kisian, na kilio cha yule mama nilikisikia juu ya sauti ya injini. Nilimwambia Oketch wazi kwamba amelaaniwa. Akaniambia nishone nguo.

Mmea haukufa, Mama alisema kweli. Vuli iliponyesha ulichipuka kwa fujo, na sasa umeshavuka geti tena, umejaa maua kuliko zamani. Saluni ina wateja. Ila wengi ni wageni wa mtaa, geti zinawachanganya, hivyo Sheryl hutoka nje na simu sikioni, mbele yangu, akiwaelekeza kwa ile sauti yake ya kwaya.

"Ukiona maua ya zambarau juu ya geti, hapo ndio kwangu. Usiulize mtu. Ingia tu."