Viatu vya Hilario

Asubuhi ya mbio za sikukuu ya mji, kamba ya katambuga la Nicolasa ilikatika akiwa bado anakunywa supu ya viazi. Mama mkwe wake, Eusebia, akaleta viatu vya ngozi vya marehemu mwanawe, mume wa Nicolasa. Hilario alikuwa na mguu mkubwa, hivyo Eusebia alijaza sufu ya alpaka kwenye ncha, akapiga magoti na kumfunga kwa mafundo mawili, kama mtoto wa shule.

"Shinda, mwanangu. Ukipata ile cherehani ya mshindi, hutarudi tena kuponda mawe mgodini."

Siku ya tano baada ya msiba, nguo zote za Hilario zilifuliwa mtoni, kama ilivyo desturi, ili njia zake za duniani zimtoke, roho iweze kwenda. Viatu havikufuliwa. Vilikuwa bado kwenye lango la mgodi, alikovivua kuvaa mabuti ya mpira kabla ya kushuka, vikaletwa nyumbani baadaye. Kampuni ilisema siku mgodi ulipoporomoka yeye hakushuka, alitorokea pwani. Kwa hiyo Nicolasa hakuhesabiwa kuwa mjane.

Alikimbia vizuri. Alikuwa mbele ya wote mpaka karibu na duka la mikate, na hapo viatu vikakata kushoto.

"Nico, njia ni huku!" Teofila alimwita akimpita.

"Najua. Viambie viatu."

Aliinama kuvivua, lakini Eusebia alikuwa amefunga kwa upendo, na mafundo hayakufunguka. Viatu vilisimama mlangoni kwa muuza mikate mpaka akatoka na mkate wa moto, akampa, akasema Hilario alizoea kuula palepale huku akiulalamikia. Kwa kinyozi vilicheza kidogo. Kwenye kichochoro cha bibi kipofu vilisukuma kando mawe yaliyoshuka na mvua, moja moja. Hilo la mumewe Nicolasa hakuwa akilijua. Akaacha kuvuta kamba.

Langoni vilijipanga ukutani, katikati ya viatu vya wachimbaji, na mafundo yakalegea yenyewe. Mlinzi, mzee Macario, akamsogezea kiti.

"Alikuwa anaviweka hapohapo, binti yangu."

"Na siku ile?"

"Na siku ile. Nimeshawaambia ofisini."

Mhandisi alipita, akaviangalia, akasema kiatu hakiwezi kutoa ushahidi, akaenda kula. King'ora kilipolia wanaume walipanda kutoka chini, kila mmoja akavaa vyake. Waliovaa karibu na vya Hilario walijibana ili wasivikanyage. Vyenyewe vilibaki vinangoja.

Nicolasa alimaliza mbio peku, meza zikiwa zinakunjwa. Wanawake wawili waliokuwa wakifagia uwanja walimpigia makofi. Cherehani aliichukua Teofila, ambaye alimwambia aje kushona kwake kila Alhamisi, na asije na uzi, uzi upo.

Jumatatu alirudi kuponda mawe. Viatu vilikuwa vimesharudi nyumbani vyenyewe, na alfajiri vilikuwa mlangoni. Hawajavipeleka mtoni. Kila asubuhi Eusebia huvipangusa vumbi na kuvifunga, fundo moja tu, kisha Nicolasa hutoka navyo, kwa kuwa njia ni ileile. Kwa muuza mikate husimama pamoja. Langoni mzee Macario huvisalimu kwa jina.

Kwenye daftari la ofisini, Hilario bado yuko pwani.