Muziki wa Kipindi cha Jumamosi

Fundi televisheni alikuwa na ugonjwa mmoja: mteja akikaa tu kwenye benchi, atasimuliwa vipindi vya zamani apende asipende. Siku hiyo zamu ilimwangukia mshonaji mmoja, aliyekulia naye mtaa mmoja, ambaye televisheni yake ilikuwa imegoma kuwaka.

"Vya siku hizi upuuzi mtupu," fundi alifoka, bisibisi mkononi. "Unakikumbuka kile cha Jumamosi, cha daktari na mapacha wake?"

Akaanza kuupiga mluzi muziki wake wa kufungulia. Katikati ukampotea. Mshonaji akaupokea, akaumaliza kwa mdomo, tarumbeta na ngoma zake zote, bila kukosea hata mahali pamoja.

"Wewe kiboko, dada!" Fundi alichekelea kama mtoto. "Haya, katika wale mapacha ulimpenda yupi?"

"Sikuwahi kuwaona, kaka."

"Acha utani! Na muziki umeujulia wapi?"

"Televisheni ilikuwa kwenu tu mtaa mzima. Sisi tulisimama nje, dirishani. Muziki ukiisha tu, wewe ulikuwa unatugeukia, unatutolea ulimi, halafu unavuta pazia."

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Akainamia televisheni, masikio yakimwaka moto, akawa anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Alitafuta neno la kuomba radhi, akaambulia swali la kijinga.

"Sasa mbona mliendelea kuja?"

"Muziki ulikuwa mtamu," alijibu mshonaji. "Na pazia lenu lilikuwa na maua mekundu. Yalikuwa kumi na manne."