Kengele ya Viatu

Nianze kwa kujisifu, maana sifa zenyewe hazitafika mbali. Nilipopokelewa kuwa mwanagenzi wa ualimu kwenye chekechea, niliingia kifua mbele kama mtu aliyekuja kufundisha, si kufundishwa. Wadogo zangu wote nimewalea mimi tangu mama yetu alipofariki. Nimekoroga uji na mtoto mgongoni, nimepangusa makamasi, nimekata kucha za watu wanaopiga mateke, nimeamua kesi za nani kaanza. Nikajiuliza, hawa walimu wana lipi la kuniambia mimi?

Waliniambia niweke mikono nyuma.

Ndivyo walivyofanya kazi pale. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mfupi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa na utaratibu mmoja usio na mjadala: mtoto akihangaika na kitu anachokiweza, mkubwa anafunga mikono mgongoni na kusubiri. Akikwama, unamsaidia kwa maneno. Mkono ni wa mwisho kabisa. Mlangoni, kwenye rafu za viatu, ilining'inia kengele ndogo yenye kamba. Mtoto akivaa viatu mwenyewe kabla ya kutoka kwenda kucheza, anavuta kamba, na wote mle ndani wanapiga makofi, hata mpishi huko jikoni.

Utaratibu mzuri, sikatai. Ila mikono yangu haikuumbwa kukaa nyuma. Nikimwona mtoto anang'ang'ana na kifungo, vidole vinaniwasha. Mtu anamimina maji, nishashika kikombe. Watoto hawakuchukua muda kunijua. Chumba kizima kilikuwa kikiita "Mwalimu, njoo," na mimi huyo, mbio, hadi walimu wenzangu wakanibatiza Mwalimu Njoo. Nikadhani ni sifa.

Sasa nilikuwa kwenye majaribio. Asubuhi moja mkufunzi wa chuo angekuja kunitazama nikifanya kazi, na akisema sifai, basi tena. Na mimi sikuwa na pengine pa kwenda. Kwenye ushonaji niliondoka kwa ugomvi, kwenye saluni niliondolewa kwa sababu ya mdomo. Shangazi, aliyenibembelezea nafasi hii kwa watu, alinipasulia ukweli: "Ukifukuzwa na huko, mwanangu, usije kwangu kulia. Njoo kusalimia tu."

Mtoto niliyekabidhiwa kumfuatilia kwa karibu alikuwa binti mmoja tuliyemwita Bosi. Jina alijipatia mwenyewe. Muda wa kutoka nje ukifika, wenzake wanakaa chini wanapambana na viatu vyao, yeye anakaa kwenye kigoda, ananyoosha mguu na kusema, "Kiatu." Hasemi kwa jeuri. Anasema kama mtu anayeagiza chai.

Mama yake alikuwa na mapacha wachanga nyumbani. Asubuhi alikuwa akifika getini mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na Bosi nyuma yao akiburuta viatu visivyofungwa. Siku moja aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi: "Mwalimu, baada ya likizo anaingia shule kubwa. Huko nani atamvalisha? Na nikimvalisha mimi, hawa wawili wanalia. Nisaidie mtoto ajiweze."

"Usijali, mama," nikamjibu. "Niachie mimi."

Mdomo wangu huo.

Nilijaribu, haki ya Mungu. Nilisimama mbele ya Bosi mikono nyuma, nikamweleza: mkanda ufungue, vidole viingie kwanza, kisigino baadaye, mkanda ubandike. Bosi akakitazama kiatu kana kwamba kinachelewa kumfuata. Wenzake wakatoka mmoja mmoja, kengele inalia, makofi yanapigwa, vicheko viko uani, na sisi wawili bado tunatazamana. Nikachungulia kushoto, nikachungulia kulia. Nikachuchumaa, nikamvalisha chapchap, nikamnong'oneza, "Haya, kavute kengele."

Akavuta. Makofi yakapigwa. Mwalimu Mkuu akachungulia kutoka ofisini akasema, "Hongera, Bosi. Hongera na wewe, Mwalimu Njoo." Kichwa kikanivimba.

Kesho yake nikasema, leo tu. Keshokutwa nikasema hivyo hivyo. Tukapata na mahali petu, nyuma ya magodoro ya kulalia, ambapo kazi ilifanyika bila mtu kuona. Na nikisema nilifanya ili kuokoa muda, nitakuwa naongopa tena. Nilipenda. Bosi akifika asubuhi, haulizi mwingine, ananitafuta mimi. Nyumbani wadogo zangu walishaondoka kila mmoja na maisha yake, na kitinda mimba naye alikuwa amepata kazi mji mwingine, anaondoka Jumapili ya wiki ile ambayo mkufunzi angekuja. Nilimpigia pasi tangu akiwa na sare ya shule, na mpaka siku hizo, mwanamume mwenye ndevu, jioni anaita tu, "Dada, shati." Niliogopa siku ambayo hakuna mtu atakayeniita kwa lolote. Basi kile kimguu kilichonyooshwa kilinipa raha, na raha hiyo nikaita ualimu.

Mama Bosi akaja kunishukuru. "Nyumbani bado anagoma," alisema, "lakini nikikumbuka kwamba huku anavuta kengele, napata nguvu." Nilijisikia vibaya hadi saa ya chai.

Mkufunzi akaja bila kelele, baba mmoja mrefu, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika karibu na masikio. Nilikuwa nimejiandaa kwa hadithi ya picha na wimbo wa kunawa mikono. Lakini Mwalimu Mkuu, kwa wema wake, akataka kunibeba.

"Kabla ya hadithi," alisema, "tumwonyeshe mgeni kazi ya mwanagenzi wetu. Bosi, njoo uvae viatu."

Watoto wakajipanga kutazama. Mpishi naye akaja na mwiko mkononi. Bosi akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha mguu kunielekea.

"Kiatu."

Nikafunga mikono mgongoni. "Vaa, Bosi. Unaweza."

Akanikagua juu hadi chini. "Mwalimu, mikono yako inaumwa?"

"Haiumwi."

"Mbona hainivalishi leo?"

Mpishi akakumbuka kwamba ana sufuria motoni. Natamani ningekumbuka na mimi, lakini rafu za viatu pale zinanifika magotini, hata pa kujificha hapakuwepo. Mwalimu Mkuu akanigeukia taratibu.

"Ni kweli anachosema?"

"Ni kweli, Mwalimu. Namvalisha mimi, nyuma ya magodoro."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilingoja aniambie nichukue mkoba wangu. Hakusema hivyo. Alisema, "Mtoto amekaa hapo mguu hewani. Endelea."

Sikuwa na la kupoteza tena. Nikakaa sakafuni pembeni ya kigoda, nikavua kiatu changu mwenyewe na kukiweka mbele yangu. "Bosi," nikasema, "nilikosea kukuvalisha. Sasa kila mtu na chake." Nikafungua mkanda wangu, polepole. Akautazama. Akafungua wake. Nikaingiza vidole. Akaingiza vyake, kisigino kikakunja kiatu kwa nyuma, akavuta, kikakataa, akaguna. Vidole vyangu vilikuwa vimeshanyooka kumfuata. Nikavikalia. Kweli, nilivikalia, mbele ya mkufunzi, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Bosi akavuta tena, jasho puani. Kikaingia. Akahamia cha pili na hakunitazama tena mpaka alipomaliza. Hilo la kutonitazama liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Akasimama. Kiatu cha kulia kilikuwa mguu wa kushoto na cha kushoto kulia, ncha zimepeana mgongo kama watu waliogombana. Akaenda mlangoni, akashika kamba. Siku zote alikuwa akiivuta mara moja na kuondoka zake. Safari hii alivuta, akavuta, akavuta, mpaka kamba ikamkatikia mkononi. Mkufunzi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Ofisini hakupiga. "Kuvaa viatu atajifunza," aliniambia. "Wewe ulimfundisha pia kupokea makofi ya kazi asiyoifanya, na ukamdanganya mzazi. Dakika ile ya mwisho ndiyo iliyokuokoa. Majaribio unayarudia tangu mwanzo. Na leo mama yake akija, umweleze."

Nikamtazama Mwalimu Mkuu, nikitarajia ataniambia tutakwenda pamoja. Mikono yake ilikuwa nyuma.

Mama Bosi alinisikiliza getini mpaka mwisho, mapacha wakiwa kimya kwa mara ya kwanza. Ningefurahi kama angenitukana. Alisema tu, "Na mimi nilikuwa nafurahi." Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu ya binti yake. "Na leo?"

"Leo kavaa mwenyewe. Ndiyo maana vimegeuzana."

Akainama avirekebishe, akasita, akajinyoosha. Wakaondoka vile vile, Bosi mbele, anatembea kama bata, kamba ya kengele imezungushwa mkononi kama bangili. Hakugeuka kuniaga.

Jioni nilikuwa mezani na chai yangu nikijionea huruma, ndipo sauti ikatoka chumbani. "Dada, shati."

"Pasi iko palepale."

Kitinda mimba akatokeza kichwa. "Unaumwa?"

"Siumwi. Keshokutwa utakuwa peke yako huko. Piga mwenyewe, nipo hapa."

Nikasimama karibu na mlango, mikono nyuma, mmoja umeshika mwenzake usitoroke. Kola aliiacha mwisho, akaanza na mgongo, akatengeneza mikunjo mahali palipokuwa pamenyooka. Nyumba ilikuwa kimya, na niliona wazi kwamba kuanzia Jumapili itakuwa hivi kila jioni, na kwamba mtu huyu ninayemsubiri amalize ndiye wa mwisho.

Akaliinua shati kwenye mwanga. "Baya?"

"Baya sana," nikasema. "Livae tulione."

Akalivaa. Nikachukua kijiko, nikagonga kikombe changu, nikagonga tena na tena, kisha nikakiweka kijiko chini, akawa ananishangaa. "Ndio nini hiyo, Dada?" Machozi yalikuwa yananitiririka, na mikono ya kuyafuta haikuwepo. Ilikuwa inapiga makofi.