Sentensi Themanini na Sita

Mimi ni fundi bomba, na kichwa changu ni kigumu. Shuleni walimu walinitabiria spana, na hawakukosea. Kwa hiyo afisa wa ustawi wa jamii aliponiambia nina wiki sita za kujifunza Kikantoni, Kichina cha kusini, nilimcheka usoni. Kisha nikaona yeye hacheki.

"Mkeo alipofariki, mtoto ulimwacha kwa bibi yake mzaa mama," alisema. "Ukaenda kufanya kazi mbali, miaka minne. Sasa bibi anarudi kwao, ng'ambo, na anataka kwenda naye. Mtoto anajua lugha ya bibi tu. Nitakupa saa moja ukae naye. Baada ya hapo nitamuuliza mwenyewe anataka kuishi na nani."

"Ana miaka mitano!"

"Ndiyo. Na hana hata neno moja la kukuambia."

Ningebisha, lakini ningebisha nini? Nguo nilituma, viatu nilituma. Simu nilikuwa nikimpigia bibi, si mtoto.

Mteja wangu mmoja, mama mwenye duka la dobi, alizaliwa na lugha hiyo. Mimi nikamtengenezea mabomba yake yaliyooza, yeye akanifundisha. Alikataa katakata kunipa neno mojamoja. "Shika sentensi nzima, kama watu wanavyoisema," alisema, "la sivyo mtoto atadhani unasoma kamusi." Nikakata maboksi ya viungo vya bomba, nikapata kadi themanini na sita. Upande mmoja niliandika lugha yetu, upande wa pili Kikantoni kwa herufi ninazozijua, pamoja na vishale vya kupanda na kushuka, maana lugha ile ukikosea kupandisha sauti umeshasema jambo jingine. Umekula? *Sik jo faan mei a?* Taratibu tu, hakuna haraka: *maan maan lei*. Jikaze: *ga yau*, ambayo neno kwa neno ni "ongeza mafuta", nikaipenda papo hapo kwa kuwa angalau hiyo ni lugha ya mafundi. Usijali, si kitu: *mm gan yiu*. Hiyo ya mwisho mama dobi aliisifia sana. Mtu akichelewa, akikukanyaga, akikuvunjia sahani, unaitoa na mambo yanaisha.

Nilizikariri nimelala chali chini ya sinki za watu, tochi kichwani. Mwenye nyumba mmoja alimwita mumewe aje aone fundi aliyerukwa na akili. Wiki ya tatu nilizitupa zote kwenye ndoo ya taka, nikakaa sakafuni nikalia kwa kwikwi, kisha nikaziokota moja moja nikazifuta. Wiki ya tano mama dobi alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, akasema hana tena cha kunisahihisha. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Siku ikafika. Chumba kilikuwa na meza ya plastiki, viti vinne na kapu la midoli iliyochoka. Afisa alikaa kwenye kona na faili lake. Mwanangu aliingia amevaa sweta la njano, na kidevu ni kile kile cha marehemu mama yake. Nilijikaza kisabuni.

"*Sik jo faan mei a?*"

Aliganda. Kisha uso wote ukachangamka, akacheka, akaja mbio akanishika kidole. Sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu.

Halafu akajibu, na hakujibu kwa sentensi za kwenye kadi. Alimwaga maneno kama koki iliyong'oka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa wiki sita, mjinga mimi. Kila kadi nilianza na upande wa lugha yetu. Naona "Umekula?", natoa Kikantoni. Hata siku moja sikuzigeuza nikaanza na upande wa pili. Kusema nilijifunza, kusikia sikujifunza.

Kadi ya kusema "sielewi" sikuwa nayo. Ningeweza kutikisa kichwa kukataa, lakini afisa alikuwa akitutazama, kalamu mkononi. Nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mtoto akazidi kuongea. Tukajenga mnara wa vipande vya mbao. Nikatoa "taratibu tu", akapunguza kasi. Nikatoa "jikaze", akacheka mpaka akakaa chini. Saa ilikuwa inakaribia kuisha, na nilianza kuamini kwamba nitavuka.

Ndipo mnara ukaanguka. Mtoto hakuutazama. Alinisogelea, akashusha sauti, akasema maneno machache polepole, akasubiri huku midomo ikimtetemeka. Nilidhani anaomba radhi kwa ajili ya mnara. Nikamshika shavu, nikaitoa ile ya mama dobi, kila sauti mahali pake.

"*Mm gan yiu.*"

Aliondoa shavu lake mkononi mwangu. Akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali.

Afisa alimpigia mkalimani, akaiweka simu mezani na kufungua spika. Mkalimani akauliza, mtoto akajibu akiangalia viatu vyake.

"Anasema atakwenda na bibi," sauti ya mkalimani ilisema. "Anasema alimwambia baba kwamba yeye akienda na bibi hatarudi tena, akamuuliza baba kama atasikitika. Baba akamwambia si kitu."

"Hapana!" Niliinuka, kiti kikaanguka nyuma yangu. "Mwambie sikuelewa! Mwambie nilikuwa nakariri tu, ni kadi tu, nakuomba, mwambie!" Nikazitoa mfukoni kwa mikono miwili, zikatawanyika sakafuni hadi miguuni pake.

Mkalimani alitafsiri yote. Mwanangu aliziangalia zile kadi, akaniangalia mimi, akasema kitu kifupi.

"Kasema nini?" niliuliza.

Nikaiinamia simu.

"Anasema unamdanganya. Anasema ulielewa, kwa sababu ulimjibu vizuri kabisa."