Kirungu cha Mlango wa Nyuma

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa fundo la kamba ya mgomba.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404. Lilivutwa na trekta kutoka Timau mpaka gereji yetu hapa Makutano, Meru, mwezi wa pili mwaka wa 1996. Lilikuwa limelala ghalani miaka kumi na miwili, limefunikwa kwa magunia ya ngano. Watu waliokuja kulishangaa walitazama taa, bodi, na yule simba wa mbele. Kazi yangu mimi ni viti na milango kwa ndani, kwa hiyo niliingia nyuma na brashi yangu. Mikono mitatu ya kuzungushia vioo ilikuwa na virungu vyake, vile vidogo vya plastiki vinavyoshikwa kwa vidole, rangi ya maziwa yaliyolala. Mkono wa nne, wa mlango wa nyuma kushoto, ulikuwa umebaki pini tupu. Pini hiyo ilikuwa imeviringwa kamba ya mgomba, kavu kama ngozi ya kisigino. Mizunguko mitatu, mkia umepitishwa chini, kisha umevutwa upande wa kushoto.

Kwetu Kangeta miraa hufungwa kwa kamba ya mgomba, na kila mwanamke ana fundo lake. Mnunuzi akiliona anajua bunda limetoka kwa nani. Karibu wote huvuta mkia kulia. Mama yangu alikuwa akifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto.

Nilikaa pale nyuma mpaka fundi wangu, Gichovi, akagonga paa.

"Makandi! Umelala humo? Leo umeshasema maneno mangapi, mawili?"

"Matatu," nikamjibu.

"Basi umepita bajeti. Toka, mwenye gari amefika."

Kabla sijaeleza habari za mwenye gari, nieleze hili la mama. Jina lake ni Karambu. Ijumaa moja ya Septemba 1984, mwaka ule wa njaa, aliondoka nyumbani kupeleka miraa Embu. Mimi nilikuwa na miaka minane. Hakurudi. Neno tulilopata lilitoka kwa dereva aliyembeba, ambaye sisi tulimjua kwa kuitwa mtu wa Timau tu: kwamba Karambu alishuka Embu, akakutana na mwanamume, akasema harudi tena kwa watoto wa njaa. Nyanya yangu Kiende aliamini. Shule nikaiacha darasa la nne, maana hapakuwa na mtu wa kuninunulia hata daftari. Na kaka yangu Kithinji alipopata binti wa kwanza, ambaye kwa desturi yetu angeitwa Karambu, nyanya alisema jina hilo lisitamkwe juu ya mtoto mchanga. Mtoto akapewa jina lingine. Kwetu mtu hufa, jina lake likabaki linakimbia uani na kulilia uji. La mama lilikoma.

Mwenye gari alikuwa Mzee Mithika, mkulima wa ngano na mzee wa kanisa. Mtu mrefu, kofia mkononi, sauti ya chini. Aliposema anatoka Timau, nilishika meza.

"Binti yangu anaolewa Pasaka," akamwambia Gichovi. "Ameng'ang'ania kupanda gari la babake. Nataka liwe kama siku nililolinunua."

"Mzee, umefika kwenyewe," Gichovi akasema. "Mimi hata skurubu ya kibati cha namba naitafuta ya gari hilo hilo. Bandia sitii."

Na ni kweli. Gichovi ni mtu wa Runyenjes, na nimemwona akisafiri siku nzima kutafuta kifuniko cha kibuyu cha maji cha gari. Husema gari linaweza kupakwa rangi vizuri kama bibi arusi, kisha klipu moja ya uongo ikalifedhehesha.

Mzee Mithika alizunguka gari. Alipofika mlango wa nyuma kushoto alisimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa mbwa aliyefungwa.

"Huu msiufungue," akasema. "Reksini yake bado nzima. Tafuteni hicho kirungu, mkifunge, basi."

"Na kitasa cha ndani, mzee? Naona kimekatwa kwa msumeno."

"Mlango ulikuwa unafunguka ovyo njiani. Mizigo inamwagika."

"Tukuwekee kingine?"

"Kirungu tu, fundi."

Alipoondoka Gichovi alicheka. "Tajiri ana mambo yake. Kuna mmoja aliniambia nimwachie matope ya Safari Rally." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeinusa ile kamba. Miaka kumi na miwili, lakini ilikuwa na harufu ya miraa iliyokatwa asubuhi.

Usiniamini kwa hilo kama hutaki. Lakini kuhusu kioo, hata Gichovi ni shahidi. Kila jioni kabla ya kufunga gereji nilikuwa nazungusha vioo vyote vinne mpaka juu. Kila asubuhi kile cha nyuma kushoto tulikikuta kimeshuka. Si sana. Nilikipima kwa mkono: vidole vinne. Asubuhi ya pili, vidole vinne. Asubuhi ya tatu Gichovi alikisukumia kabari ya mti. Kesho yake kabari ilikuwa kitini, imelazwa vizuri, na kioo kimeshuka vidole vinne.

"Meno ya ndani yameisha," Gichovi akasema. Lakini alisema akiwa amesimama nje, na siku hiyo hakuingia ndani ya gari.

Virungu vilikuja vitatu. Kimoja kilitoka Nkubu, kikawa cheupe mno. Cha pili kilikuwa kikubwa. Cha tatu kilikaa vizuri kwenye pini, na nilipokata ile kamba ili kukivalisha, vidole vyangu vilipata baridi mpaka kwenye kiwiko. Kamba niliiweka kwenye mfuko wa aproni. Asubuhi kirungu kilikuwa chini sakafuni, kimepasuka katikati.

Ndipo Gichovi akanituma Maua kwa Aweys, mfanyabiashara wa vipuri vya zamani ambaye duka lake limejaa mikebe mpaka darini. Aweys alimwaga mkebe mzima wa virungu juu ya gunia.

"Chagua, binti. Hivi vimekula safari kuliko ngamia wa babu yangu."

Nilichagua kwa muda mrefu. Hakuna kilichofanana.

"Cha kwenu kilivunjika?" akauliza.

"Hakipo. Pini ni nzima."

Aweys aliacha kuvirudisha mkebeni. "Pini nzima? Basi hakikuanguka. Kirungu cha 404 hakitoki kwa kutikisika. Mtu alikivuta kwa nguvu zote, alikuwa anazungusha kioo kilichokwama. Mmeangalia ndani ya mlango?"

"Mwenyewe amekataza."

"Amekataza!" Alicheka, kisha akaona uso wangu. "Sikiliza, mama. Mimi miaka thelathini nauza vitu hivi. Kitu kidogo cha gari kikipotea, kwanza fungua mlango. Vyote huwa vimelala chini humo: sarafu, hereni, barua za watu. Huu mkebe wote umetoka ndani ya milango."

Nilirudi na mikono mitupu. Gichovi alikuwa amekwenda kufuata bampa iliyopakwa nikeli. Nilichukua bisibisi bapa, nikaingia nyuma, nikapiga magoti. Kona ya juu ya ubao wa ndani wa mlango, uliovikwa reksini, ile ngozi bandia, ilikuwa imelegea. Klipu mbili hazikuwepo, na pembeni ya matundu yake reksini ilikuwa na mikwaruzo. Midogo, mingi, imepangana. Niliweka kucha zangu juu yake. Zilienea sawasawa.

Niliung'oa ubao. Ndani ya chuma kulikuwa na giza na vumbi la ngano. Nilitumbukiza mkono mpaka begani, na mkono ukashika kitu kana kwamba nimewekewa.

Kirungu kilikuwa cha rangi ya maziwa yaliyolala. Kilikuwa kimefungwa pamoja na kifurushi chembamba cha karatasi ya duka, kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu, mkia kushoto. Katika karatasi mlikuwa na penseli mbili, raba nyekundu ya kufutia, na risiti. Kusoma nasoma polepole, lakini nasoma. Embu. Tarehe 14 Septemba 1984.

Asubuhi ile, kabla hajaondoka, nilikuwa nimemwomba mama penseli. Nilimwomba moja.

Nilikaa ndani ya lile gari nikayapanga mambo, polepole, kama ninavyosoma. Aliyenunua penseli Embu hakuwa ameamua kutorudi. Akazipakia ndani ya gari hili, kwa hiyo alikuwa safarini kuja nyumbani. Upande wa kulia pengine magunia ya mizigo yake, upande wa kushoto mlango usio na kitasa. Alizungusha kioo mpaka kirungu kikamtoka mkononi, akaviringa kamba kwenye pini ili isimkate, akaendelea kuzungusha. Na mtu hasukumi penseli za mtoto nyuma ya ubao wa mlango kama anategemea kufika nazo.

Nilirudisha ubao na klipu mpya. Nilivalisha kirungu kwenye pini yake. Kiliingia kwa mlio mdogo, na asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, kioo kilikuwa juu. Gichovi nilimwambia tu kwamba nimekipata. Alinitazama, akatazama klipu mpya, akasema, "Sawa," na hakunitania.

Mzee Mithika alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Alizunguka akigusa kila kitu, redio, kibao cha saa, mishono ya migongo ya viti, akitabasamu kama kijana. Kisha akafika kwenye ule mlango, akainama, akaona kirungu. Mstari mdogo wa kuungua kwa sigara pembeni. Aliujua. Niliona alivyoujua.

"Hiki mmekitoa wapi?"

Gichovi alinigeukia. Mimi huwa nikiulizwa mbele ya watu natazama chini. Nilitazama chini, nikaona viatu vyangu, na nikasema:

"Ndani ya mlango."

"Nilisema usifunguliwe!"

"Kilikuwa na hizi, mzee." Nilitoa penseli, raba na risiti, nikaviweka juu ya buti la gari. "Mimi ni wa Karambu. Wa Kangeta."

Kofia ilimwanguka. Hakuiokota.

"Yule nilimshusha Embu," akasema. "Kila mtu anajua. Nilimshusha mwenyewe, akaenda na mtu wake. Muulize nyanyako."

"Nyanya alikuamini," nikasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Na hakuna aliyeniuliza kweli. Wakubwa walikuwa wamejaa jikoni wanalia na kulaani, mimi nikiwa na miaka minane, nikaogopa kuwakata maneno. Baadaye nikaogopa kwamba nimechelewa. Halafu ikawa miaka. Gichovi alizima redio. Nikasema hivi, na sauti ilikuwa yangu:

"Siku hiyo jioni nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara namngojea. Jua lilikuwa bado halijazama. Gari hili lilipita mbele ya nyumba yetu, likielekea juu. Wewe ndiwe uliyekuwa unaendesha. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa kimeshuka kidogo, na vidole vya mama vilikuwa vimetoka nje, vinne, vinasogea. Mimi nilidhani ananipungia. Nikacheka, mzee. Nikampungia mkono mpaka mkapotea."