Siku ya Kuijaribu Hita

Watu wa Maskati wakistaafu hununua shamba la mitende, au ngamia, au hukaa wakanenepa. Yaqdhan alinunua yoti ya tanga. Haya, mtu na pesa zake, nani atamzuia? Lakini alipoanza kutafuta hita ya dizeli ya kuipashia moto kebini yake, katika mji ambao maji ya bomba hukuunguza mkono hata usipogusa swichi ya moto, jamaa walimcheka mbele ya uso wake.

"Hita?" Mahfudha, dada yake, alimuuliza kwa simu kutoka kwake Amerat. "Kaka Yaqdhan, u mzima wewe?"

Alikuwa mzima. Alitaka kwenda Norwe, basi. Miaka yote aliyokuwa mhandisi wizarani alikuwa na hamu hiyo moja, aione barafu inavyoshuka mlimani mpaka ikaingia baharini, na aione akiwa juu ya chombo chake mwenyewe. Yoti ingepakiwa kwenye meli ya mizigo mpaka Uturuki, na kutoka huko angekwenda kwa tanga, polepole, mpaka kaskazini. Peke yake asingeweza. Aliyekubali kufuatana naye katika wazimu huo alikuwa mmoja tu, shemeji yake Mutasim, mume wa Mahfudha, mtu mpole wa kuchekacheka, mwenye kifua kibovu. Mwaka juzi nimonia ilimlaza hospitali mpaka watu wakaanza kunong'onezana habari za sanda. Daktari alimwambia wazi kwamba akilala kwenye baridi tena hatoamka.

Hapo ndipo hita ilipoingia. Mahfudha hakumkataza mumewe kwenda. Alimjua, angekaa nyumbani akanyong'onyea. Lakini alimwita kaka yake pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mimi nna huyu mmoja tu. Ukimpeleka kwenye baridi, umlaze pakavu na pa moto. Nakuachia wewe, si yeye, yeye hajijali."

"Wallahi, atalala kama mtoto," Yaqdhan alisema, na alimaanisha.

Basi akajifungia kwake Qurum na kusoma habari za hita kama mtu anayesomea udaktari. Kuna aina mbili kubwa. Moja ni jiko hasa, dizeli inadondoka tone tone, inawaka, moshi unapanda bomba mpaka juu ya sitaha. Haina feni, haina umeme, haina makeke. Nyingine ni kama ile ya malori ya Ulaya, ni kisanduku kilichofichwa kabatini, pampu inagonga tik tik, dizeli inaungua ndani kwa ndani, feni inasukuma hewa ya moto kwa mabomba mpaka kila kitanda, na moshi wake unatolewa nje kwa ekzosi inayopita ubavuni mwa chombo.

Mutasim alitaka ile ya kwanza. "Mimi napenda moto nnaouona kwa macho."

"Moto unaouona hautafika kitandani kwako," Yaqdhan alimjibu. Kitanda cha Mutasim kilikuwa mbele kabisa, kwenye pua ya yoti, na ni mabomba tu ambayo yangelifikisha joto huko. Kwa hiyo akachagua ile ya pili. Alichagua kwa mapenzi, hilo lisemwe, maana baadaye yalisemwa mengine mengi.

Aliifunga mwenyewe. Mkaidi yule! Hakutaka fundi aguse chombo chake. Alitoboa ubavu, akapitisha ekzosi, akakaza vibano, akajipigapiga mikono kwa furaha. Na kila kitabu alichosoma kilimwambia jambo moja, kwamba hita ya namna hii inauliwa na kulala. Kila mwezi lazima iwashwe, iungurume kwa nguvu zake zote, ichome masizi yake yenyewe, na viungo vya ekzosi vikaguliwe kwa mkono na kwa tochi. Sasa niambieni, nani atawasha hita Maskati kila mwezi? Januari aliiwasha kidogo, akatoka anahema, akaizima. Tangu hapo hakuigusa. Hata kile king'ora kidogo kinacholia gesi ya sumu ikijaa chumbani, alikuwa nacho, kimo ndani ya boksi lake, plastiki haijachanwa. "Tutakibandika Uturuki," alisema. "Hapa nani atalala na hita inawaka?"

Mwezi wa tano ukaingia, siku ya kupakia ikakaribia, na Mahfudha akaweka sharti lake la mwisho. Iwashwe. Mutasim akae nayo humo ndani baina ya adhuhuri na alasiri, na kifua chake kisilie. Baada ya hapo waende zao na radhi zake.

Walikwenda gatini siku ya Alkhamisi. Kebini ilikuwa tanuri. Yaqdhan akaiwasha hita, pampu ikagonga mara chache, kisha kimya. Akawasha tena, kimya. Mutasim akaangua kicheko. "Shemeji, haina haja! Inaona humu moto tayari!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kile kidude kinachopima joto kilikuwa kikisema chumba kimeshapita kiasi, na hita ikatii. Yaqdhan akakuna ndevu. Halafu akapata fikra ambayo Mnorwe hangeipata abadan, kwa sababu Mnorwe hana sababu ya kuipata. Yoti ilikuwa na kiyoyozi, chenye kuvuta umeme wa gatini. Akafunga madirisha yote, akafunga mfuniko wa sitaha, akaziba nyufa kwa taulo ili ubaridi usitoroke, akakiachia kiyoyozi mpaka mwisho. Wakakaa wakasubiri, wazee wawili, mpaka Mutasim akajifunika shali huku nje watu wanaungua na jua.

"Sasa," Yaqdhan akasema, akaiwasha. Tik tik tik. Ikanguruma. Hewa ya moto ikaanza kutoka kwenye tundu la kitandani, na Mutasim akaweka kiganja chake pale na kutabasamu. Palikuwa na harufu ya dizeli. Masizi hayo, Yaqdhan alisema, yanaungua, ndiyo kazi yake.

Adhana ilipolia, Yaqdhan alisimama aende msikitini na arudi na chakula. "Twende."

"Nitaswali humu humu," Mutasim alisema. "Nataka niisikilize. Na wewe usifungue mlango sana, utapoteza baridi yetu."

Aliporudi na biriani mkononi alimkuta ameanguka ubavu, nusu juu ya mswala. Uso umeiva, mwekundu, jasho linamtiririka. "Mutasim!" Macho yakafunguka. Midomo ikatafuta maneno. "Yaqdhan," alisema. "Kichwa."

Kila mtu aliyekulia mji huu anaijua sura hiyo. Yaqdhan aliiona utotoni, aliiona kwa vibarua barabarani, aliiona kwa mjomba wake. Joto limempiga. Na dawa yake hatufundishwi, tunazaliwa nayo: mtoe juani, mweke kwenye baridi, mmwagie maji. Ya Rabbi, nimemwoka mtu kwa hita yangu! Ndivyo alivyofikiri. Akaizima hita. Akatazama juu, kwenye sitaha, ambako bati lilikuwa linameta kwa jua, na akaona huko ni kumuua. Basi akamkokota mpaka chini ya kiyoyozi, akaufunga mlango, akarudisha taulo kwenye ufa, akapiga simu ya ambulensi.

Kisha akakaa sakafuni, kichwa cha shemeji yake mapajani, akimmwagia maji na kumpepea kwa kifuniko cha biriani. "Poa, ndugu yangu, poa. Wanakuja." Ndani ya hofu ile alijiona amefanya kila kitu sawasawa. Kichwa chake mwenyewe kilianza kugonga. Aliona ni njaa. Kichefuchefu kikaja, akaona ni hofu. Mutasim aliacha kujibu, na Yaqdhan akasukuma kitufe cha kiyoyozi, ingawa hakikuwa na pa kuongezeka tena.

Watu wa ambulensi walipofungua mlango, kitu kidogo kilichobandikwa kifuani mwa mmoja wao kikapiga kelele kali. Kijana yule akarudi nyuma hatua moja. "Nje!" alipiga ukelele kwa Kiarabu. "Wote nje, sasa hivi!" Wakamburura Mutasim mpaka kwenye sitaha, kwenye lile jua la mchana, na Yaqdhan akawafuata anayumba, anawashika mikono, analia, "Jua! Mtamuua na jua!" Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wanamfunga mtu kinyago cha hewa.

Mutasim alifariki hospitali kabla ya magharibi. Yaqdhan alikuwa kitanda cha pili, naye na kinyago chake, wakati daktari alipokuja kumweleza. Ekzosi ilikuwa imechomoka kwenye kiungo ndani ya kabati, na kiyoyozi kilikuwa kinavuta hewa yake kutoka kabati lile lile. Hita ilitoa sumu, kiyoyozi kikaigawa, na ilipozimwa hita, sumu ikabaki kuzunguka humo ndani, haina pa kutokea. Wekundu ule wa uso unaweza kuwa wa gesi pia. Yaqdhan akauliza swali ambalo hakutaka kulijua jibu lake. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alisema hewa ya nje, hata ya moto, ingempa nafasi. Nafasi gani, hawezi kusema.

Nyumba ya Amerat ilijaa watu. Kila aliyeingia alisema joto, joto la mwaka huu jamani, na hakuna aliyewasahihisha. Walisema pia kwamba Yaqdhan hakumwacha, kwamba alikutwa amempakata. Wanaume wazima walimkumbatia kwa hilo. Alisimama mlangoni akipokea, na kila mkono aliopewa aliuonea haya.

Baada ya maziko, Mahfudha alimwita chumbani. Alikuwa amekaa chini, amevaa nguo nyeupe za eda, macho makavu. Wanawake wakatoka.

"Daktari amenieleza," alisema. "Nataka kwako jambo moja. Ulipoingia, alikuwa hai?"

Hakukuwa na shahidi mwingine. Angeweza kusema hapana, na hapana ile ingewapumzisha wote wawili mpaka kufa kwao. Ulimi ulimwelekea huko, wallahi ulimwelekea.

"Alikuwa hai," alisema. "Aliniita jina."

"Na mlango ulikuwa wazi?"

"Nilipoingia niliuacha wazi."

"Nani aliufunga?"

"Mimi. Niliona ni joto, Mahfudha. Nilitaka kumpoza."

Nje mtoto alikuwa anaitwa akale. Yaqdhan alisubiri atukanwe, na angeshukuru lau angetukanwa.

"Mimi ndiye niliyesema muiwashe," dada yake alisema mwishoni. "Hilo nnalo, nitalibeba. La mlango siliwezi." Akavuta mtandio wake mbele, polepole, kama anavyofanya mwanamke anapopitiwa na mwanamume mgeni, akaufunika uso. "Nimo edani. Wanaume wasiokuwa maharimu hawaingii kwangu. Na wewe usiingie."

"Mimi ndugu yako, Mahfudha. Tumbo moja."

"Najua wewe nani," alisema nyuma ya kitambaa. "Toka."

Yaqdhan alitafuta viatu vyake mlangoni, akarudi kukaa na wanaume.